Mfereji Shambani kwa Mwanvita

Jumatatu, 2 Juni 2025
Miezi mitano na siku tatu tangu nitoke Kasulu. Mgeta baridi, mikono imepasuka. Leo tumefikisha mita sitini za mfereji, katikati ya shamba la maharage. Humu litalala bomba la kuteremsha maji ya mto mpaka kwenye mtambo wa umeme. Bado mita mia na tisini. Geofrey, fomeni wetu, kasema hakuna ruhusa mpaka bomba la mwisho lilale. Nikamwambia binti yangu Winfrida anaolewa Jumamosi, tarehe 28. Akasema nimfikishie salamu. Mshenzi.

Jumanne, 3 Juni
Mwanamke kakaa ndani ya mfereji wetu, anachambua mboga. Mwanvita, mwenye maharage. Nikamwambia tumeshaelewana na mumeo Hamza, ameweka dole gumba kwenye karatasi. Akacheka. "Hamza alikuja kuoa tu hapa, kaka. Ardhi ni ya ukoo wa mama yangu. Akinichosha, anabeba begi lake."
Wenzangu wakacheka. Mimi hapana. Kwetu mume akisema, imekwisha. Nikamwambia atoke nisije nikamfukia.
"Nifukie. Maharage yapate mbolea."

Alhamisi, 5 Juni
Kazi imesimama. Hamza kaitwa, kaja anatazama chini. Aliambiwa weka dole hapa, akaweka. Hakuna aliyemuuliza shamba la nani. "Nilidhani mnajua," kasema.
Mimi sikujua. Geofrey ana miaka miwili milimani huku — anajua vizuri sana. Alimfuata mwanamume kwa sababu mwanamume ndiye mwepesi. Tangu Jumanne hasira zangu nilizipeleka kwa mtu asiye na kosa.

Jumapili, 8 Juni
Nimepanda mwenyewe kwa mzee Ahmadi, mjomba wake Mwanvita. Nikatoa shikamoo. Mwanvita alikuwepo, nikamwomba radhi kwa lile neno la kumfukia. Akanisogezea kigoda.
Umeme wanautaka. Wanataka bomba lizikwe chini sana, wapate kulima juu yake. Na waulizwe, basi.
"Aje aliyeandika karatasi," kasema mzee. "Wewe tumekusikia, lakini una sururu tu."
Nimempelekea Geofrey maneno hayo. Kutoka kambini hadi kwa mzee ni mwendo wa nusu saa tu kwa miguu. "Nikampigie magoti mwanamke kwa ajili ya maharage?" Kaamuru tulizungushe bomba nyuma ya shamba, penye mwamba. Tukate mwamba kwa mikono. Hiyo si kazi ya mwezi mmoja. Mtu yuko tayari kupasua mlima ili asitoe shikamoo!

Jumanne, 10 Juni
Tangu jana tumekata mita moja. Moja. Mipini miwili imevunjika. Saa nane nimeitupa sururu miguuni pa Geofrey. Nikamwambia, bosi, twende wote kwa mzee, nitasema mimi, wewe kaa tu na uitikie. Akasema nikitoka kambini jina langu linafutwa.
Nikageuka. Wenzangu wote wameketi juu ya mabomba. Hakuna aliyeshika chombo.
Naandika hapa hapa, jua linazama. Bado wamekaa. Geofrey kajifungia ndani ya gari, vioo kapandisha.
Nimempigia Winfrida. Nimemwambia natoka huku Jumanne, tarehe 24. Alhamisi tarehe 26 niko Kasulu, mfereji uwe umekwisha au haujaisha.