Tarehe ya Jumapili Kwenye Kompyuta Yangu

Loveness, maharage yako jikoni, kuku wape maji. Kompyuta yangu ya zamani mtu asiiwashe, ~~hata baba yako~~ hasa baba yako.

Asubuhi nimekuta kitambaa cha kuifunika kimewekwa maua yakiwa chini. Nikaweka disketi, nikafungua muhtasari wa kikao cha ukoo kuhusu shamba la kijijini Daudi. Sehemu ya shangazi yako Marieta niliandika inafika mtoni. Sasa inaishia kwenye ile miti ya migrevilea, kabla ya mto! Nilipomwuliza baba yako, akasema hilo bati limezeeka, linajiandikia lenyewe.

Haya. Lakini betri ya saa ya kompyuta hiyo ilishakufa. Ukiiwasha bila kuiwekea tarehe, kila unachohifadhi kinaandikwa mwaka 1980. Faili hili linasema Jumapili iliyopita, sisi tukiwa kanisani, baba yako kabaki nyumbani eti mgongo unamuuma.

Disketi ninayo kwenye pochi, naenda Daudi kwa Marieta.

Baba Loveness, chai yako iko kwenye chupa. Kuiwekea tarehe nimemfundisha mtu mmoja tu, mwaka ule tulipochumbiana. Uliniahidi hutasahau. Kweli hujasahau.

Mama Loveness