Wifi Haji Tena, na Mimi Sijui Nichague Chasisi Ipi

Mpendwa mshauri, najua wengi wanakuletea habari za waume na wachumba, mimi nakuletea habari za chasisi, yaani sehemu ya chini ya gari inayobeba mwili wake, na nakuomba usicheke kwanza, nisome hadi mwisho, kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na mmoja, nilikuwa karani wa stoo ya vipuri kwenye karakana kubwa ya magari kwa miaka ishirini na saba, nimestaafu mwaka jana, mume wangu alifariki miaka minne iliyopita na hatukujaliwa watoto, kwa hiyo nyumbani tunabaki mimi na redio, na asubuhi natandika upande mmoja tu wa kitanda maana ule wa pili haujavurugika. Ninaye wifi yangu mmoja, dada wa marehemu, mkunga mstaafu ambaye hakuolewa, anakaa mtaa wa pili, na kwa miaka yote hii minne amekuwa akija kila Jumamosi, tunapika, tunakula, tunabishana, na mshauri, sijui kama utanielewa, wifi akicheka anacheka kupitia puani kama kaka yake, hivyo huwa namchekesha makusudi kisha nageukia dirishani nisikilize tu.

Wazo la gari-nyumba lilikuwa lake. Alisema tumemaliza maisha yetu kwenye vyumba visivyo na madirisha, yeye wodini na mimi stoo, sasa tutafute gari dogo, tuliwekee vitanda viwili, jiko na sinki, tuwe tunaamka tunakotaka. Tukampata muuzaji mwenye magari mawili yaliyo tayari kujengewa nyumba kwa nyuma. La kwanza ni la chini, linavutwa na magurudumu ya mbele, sakafu yake iko karibu na ardhi, unaingia bila kupanda ngazi. La pili ni kilori kidogo chenye fremu, yaani vyuma viwili virefu vinavyopita chini kutoka mbele hadi nyuma, na springi zake za nyuma ni zile za bapa, zilizopangwa kama kurasa za kitabu, na dereva unakaa juu kabisa ya magurudumu ya mbele.

Tuliyajaribu yote siku moja. Mimi niliendesha, wifi akalala nyuma kwenye godoro, kwa sababu mgongo wake umechoka kwa miaka thelathini ya kuwainamia akina mama wodi ya wazazi, akasema gari likimkubali akiwa amelala litamkubali na akiwa amekaa. La chini lilikata kona kama limeshikwa mkono, nyuma kimya, ila kwenye kilima cha changarawe magurudumu ya mbele yaliteleza kidogo, na kwenye tuta moja tumbo lake liligusa chini. Kilori kilipanda kilima kilekile bila kuuliza swali, lakini kilirukaruka, kwenye kona kiliegemea upande hadi nikakaza usukani kwa mikono miwili, na lori kubwa lilipotupita upepo wake ulitusukuma pembeni. Hata hivyo nilikipenda. Marehemu alikuwa akisema gari ni fremu, mengine yote mapambo, na nilipokaa pale juu nikawa naona hadi ndani ya nyua za watu, nilijiona mtu, mshauri, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Tuliporudi wifi alishuka taratibu, kashika mlango, midomo imemkauka. Nikamuuliza, "Unaonaje?"

"La chini, wifi."

"Lakini hili lina nguvu."

"Nguvu nimeiona. Imenipiga mgongoni."

Muuzaji akacheka. Mimi nikaona aibu, hata sijui aibu ya nini, nikasema mbele yake, "Sasa kama mgongo wako ndio utakaotuchagulia gari, bora niende peke yangu."

Akaniangalia. "Haya. Nenda." Akachukua mkoba wake akatembea hadi kituo cha basi, na mimi nikabaki namuuliza muuzaji habari za shokapu.

Leo ni Jumamosi ya sita. Haji, hapigi simu, na mimi sijapiga. Napika kwa mazoea ya watu wawili na kinachobaki nakila hadi Jumanne.

Muuzaji amenishikia magari yote mawili hadi mwisho wa mwezi. Nimerudi mara mbili kukijaribu kilori peke yangu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mtu mmoja hawezi kuendesha mbele na wakati huohuo akalala nyuma asikie hali ilivyo. Mara ya kwanza niliweka mto juu ya godoro, niliporudi nikaukuta mlangoni. Mara ya pili niliacha simu nyuma ikirekodi, nikaenda kusikiliza nyumbani, vyuma vinagongana, godoro linajisugua, na katikati ya makelele nikasikia sauti yangu mwenyewe, kwa mbali, kutoka kiti cha dereva, inasema, "Wifi, umeliona lile daraja?" Sikumbuki kabisa kusema hivyo. Nikasikiliza hadi mwisho, na hakuna aliyenijibu.

Sasa niambie, mshauri, wewe unayejuana na mafundi wengi: kwa starehe na kwa utulivu barabarani, chasisi ipi inafaa zaidi gari-nyumba dogo? Je, kilori kinaweza kulainishwa? Na mwanamke wa umri wangu anaweza kusafiri peke yake?

Ni mimi,
Karani wa Vipuri

MSHAURI ANAJIBU

Karani, pole. Pole kwa mume, na pole kwa Jumamosi zote sita. Pole zimeisha, sasa nisikilize.

Sikucheka. Nilikwenda kwa fundi anayetengeneza magari ya wagonjwa, maana yeye anawajua watu wanaolala nyuma, nikamsomea barua yako. Anasema springi za bapa zimetengenezwa kubeba mzigo, na gari tupu lazima liruke. Ukijenga nyumba juu yake na kujaza tangi la maji, kilori kitatulia kiasi. Ukiweka shokapu nzuri, na tairi ukazijaza upepo kulingana na uzito badala ya kuzikaza kama ngoma, kitalainika zaidi. Lakini hakitalingana na la chini, na ukipandisha makabati mazito juu ndiyo kwanza kitaegemea kwenye kona. La chini ni laini na linashika barabara kwa sababu uzito wake uko chini. Kasoro yake, ukirundika vitu mkiani magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na kilimani yatateleza kama ulivyoona. Kwa hiyo vizito viwekwe mbele, na kitanda kikae katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, maana mkiani ndiko mtu anakorushwa. Njia mbovu kabisa usiingie. Ninyi mnataka kuamka mahali pazuri, hamwendi kuchimba madini.

Ukienda peke yako, na ukapenda mashimo, chukua kilori. Ukienda na mkunga aliyeumia mgongo, chukua la chini. Na hilo ulilijua palepale kwa muuzaji. Miaka ishirini na saba unagawa springi stoo, nani wa kukufundisha?

Basi hukuniandikia kwa ajili ya chasisi tu. Mwanamke yule alijilaza kwenye godoro ndani ya kilori ili wewe upate jibu. Ulipomuuliza akakujibu, na jibu lilipokuudhi ukamwaibisha mbele ya mtu anayeuza magari. Halafu anaondoka kwa miguu, wewe unauliza shokapu! Mama, kweli? Sasa unamsubiri nini? Unasubiri aje akuombe radhi kwa kuumwa? Marehemu alisema gari ni fremu, sawa, lakini alikuwa anasema hivyo akiwa kiti cha mbele.

Kusafiri peke yako unaweza. Una leseni, una macho, una akili. Ila usije ukaniambia umeamua kwenda peke yako, ikiwa ukweli ni kwamba umeshindwa kutembea mtaa mmoja.

Fanya hivi. Jumamosi hii, asubuhi, usipige simu, nenda. Usibebe picha za gari wala usilitaje. Usimweleze marehemu alipenda nini, huyo ni kaka yake, anamjua. Sema "nimekosa, wifi", kisha nyamaza. Akikufungia mlango, rudi Jumamosi inayofuata. Muuzaji na asubiri; akichoka, magari hayajaisha duniani.

Barua ifuatayo ilinifikia wiki mbili baada ya jibu hilo kuchapwa. Naiweka kama ilivyo.

Mshauri, nilikwenda. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Nikamkuta amelala sakafuni juu ya blanketi, kumbe tangu siku ile mgongo ulimgomea, wiki mbili za mwanzo alikuwa akitambaa hadi bafuni, na hakuniita kwa sababu nilisema bora niende peke yangu. Nilisema "nimekosa, wifi" palepale kizingitini kabla sijavua viatu. Alifumba macho tu. Nikaosha vyombo, nikafua mashuka, nikafagia mara mbili maana sikujua nikimaliza nitafanya nini.

La chini nimelichukua, liko kwa fundi anapima kitanda. Kilori nimemwambia muuzaji akiuze. Kama wifi atapanda sijui, sijamuuliza, na siku nyingi za wiki bado nakula peke yangu.

Ila siku ile, nilipokosa kabisa cha kufanya, niliona kucha zake za miguu zimekuwa ndefu, kwa kuwa hawezi kuinama. Nikaleta beseni la maji ya vuguvugu na mkasi, nikakaa chini. Nilianza na mguu wa kulia, polepole. Nilipomaliza nikaufuta kwa taulo, nikadhani sasa ataniambia niende zangu.

Akasogeza wa kushoto.