Buti za Krismasi

Kuopio, 9 Februari

Mdogo wangu Raili,

Theluji imefika madirishani na goti bado linanisumbua, lakini kila Jumanne naenda kujitolea kwenye kile kituo cha kusaidia wanawake. Napika kahawa.

Juzi mgeni mmoja aliingia na buti miguuni hadi mezani. Nikamfokea, "We mama, viatu si vinavuliwa mlangoni! Kwani umezaliwa wapi?"

Akanijibu taratibu, "Hapahapa, dada. Ila mume wangu akitokea, sitapata muda wa kuvivaa."

Nikakumbuka Krismasi, mumeo yuko sebuleni, wewe umekaa jikoni kwangu na buti kutwa nzima, nami nikakugombeza kwa kunichafulia zulia.

Njoo, Raili. Ingia na buti zako hivyohivyo.

Dada yako,
Tuulikki