Mama Alivyojibu Mpakani

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unishike mkono maana usingizi umenikimbia. Mimi ni muuguzi, naishi na mama yangu mzazi tangu baba afariki, na mwezi uliopita nilichukua likizo nikampeleka kwa gari langu kumwona mama mdogo, anayeishi nchi jirani kule walikozaliwa, tukakaa wiki nzima na mama akawa anacheka hadi anashika mbavu, anapika, anafagia uwanja, yuleyule ambaye kwangu hata kikombe haoshi, eti magoti. Siku ya kurudi alipanda gari amepakata begi lake. Mpakani nikatoa pasi zetu, afisa, binti mdogo tu, akamuuliza, "Mama, unarudi nyumbani?" nami nikadakia ndiyo, kama nilivyomjibia maswali yote, yule binti akasema, "Nimemuuliza mama," basi mama akamtazama akasema, "Nyumbani ndiko ninakotoka, mwanangu. Huku napelekwa tu." Afisa akacheka akidhani ni utani wa wazee, akagonga muhuri, kizuizi kikainuliwa nikapita, na nilipotazama kioo mama alikuwa analia bila sauti.

Tangu siku hiyo begi lake hajalifungua, liko nyuma ya mlango, na kila asubuhi nikimfungia ili niende kazini, maana mtaa wetu una vibaka, namwacha amekaa kitandani na kilemba chake kama mtu anayesubiri kuitwa. Kaka zangu wanasema ni uzee, nisimsikilize, na nikimrudisha majirani watasema nimemchoka nikaenda kumtupa. Ana presha, mshauri, na akifia kule mimi niko mbali nitajisamehe vipi? Nampenda. Nifanye nini?

Binti wa Mama

Binti wa Mama, marahaba. Pole sana. Kusikia mama aliyekuzaa akisema kwako si kwake kunauma, na mtu asikwambie hakuumi. Lia kwanza. Umemaliza? Sasa tuongee.

Habari ya mpaka umeieleza kwa kirefu, ya mlango ukaigusa kama unapita tu. Unamfungia mama yako ndani! Mtu mzima mwenye akili timamu anashinda nyuma ya kufuli hadi jioni, halafu unashangaa magoti yanayouma kwako yanapona kwa mdogo wake? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya mama umeifunga wewe. Vibaka hata kwetu wapo. Ufunguo wa pili unachongwa sokoni.

Hao kaka zako waulize nani atashinda naye kesho, kila mmoja atamtaja mwenzake. Majirani watasema tu, ndiyo kazi yao. Presha ina dawa, na wewe muuguzi unajua dawa hupanda gari. Hofu ya kufiwa naye akiwa mbali siwezi kukuondolea. Lakini hata kwako anaweza kufa asubuhi, wewe uko wodini, mlango umefungwa kwa nje.

Leo ukitoka kazini mpe ufunguo wake na pasi yake, avitunze mwenyewe. Muulize anataka kuishi wapi, kisha funga mdomo. Akisema anabaki, fungueni lile begi pamoja. Akisema anarudi kwao, omba ruhusa kazini, nunua dawa za kutosha, tia gari mafuta, na likizo zako zote ziwe huko. Na mkifika pale mpakani, afisa akiuliza mama anakwenda wapi, wewe tazama mbele. Mwache ajibu.