Safari Hii Sikohoi

Jumatano, 2 Julai

Tetekuwanga oyee! Yule kijana aliyepewa nafasi yangu kwenye timu ya taifa ya biolojia inayokwenda kushindana ng'ambo kajaa malengelenge uso mzima, hasafiri. Mwalimu kapiga simu mwenyewe. Nimerudi timuni! Namwombea apone — ndege ikishaondoka.

Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na Dokta, mtoto wa kiume wa mama mkubwa. Ukoo mzima unamwita Dokta tangu hajang'oka meno ya utoto. Mwalimu alipouliza kama nitaweza kusafiri, sikuwapo darasani. Dokta akanijibia: dada hataweza, anamuuguza mama. Mama alikuwa na mafua! Nikaja kusikia jina la mwingine likisomwa mbele ya shule nzima, na nikapiga makofi kama zuzu.

Nilimfuata. Eti, "Nilikuonea huruma, dada." Huruma! Alijua mwenye medali anasomeshwa udaktari bure. Alijua pia kwamba kwenye mtihani wa vitendo hanipati.

Malipo ni hapa hapa duniani. Nitahakikisha.

Ijumaa, 4 Julai

Leo nimekuwa "dadangu kipenzi". Kaniletea chungwa, kalimenya mwenyewe. Nikajua kuna jambo.

Kumbe Mwalimu kasema kule tutapima vyakula kwa dawa zinazogeuka rangi. Sukari kidogo, kijani. Sukari nyingi, nyekundu ya tofali. Na Dokta hatofautishi kijani na nyekundu. Hajawahi. Darasa la kwanza alichora ng'ombe wa kijani, nikampokonya kalamu kabla hajachekwa. Tangu hapo mimi ndiye macho yake. Hata kwenye mchujo wa taifa, vipimo vikiwa sawa kwa wote, nilikaa mbele yake nikamkoholea: kikohozi kimoja nyekundu, viwili kijani. Akawa wa tatu. Mimi wa nne, na koo linawasha.

Babu mzaa mama alikuwa hivyo hivyo. Wanawe wa kike wameibeba tu kasoro hiyo, wao wanaona vizuri. Mimi? Nusu kwa nusu — labda nitajua nikizaa wa kiume. Lakini nyumbani kwa kina Dokta ni mwiko kulitaja. Mama mkubwa anasema nani atalala kitandani apasuliwe na mtu asiyejua damu ina rangi gani.

Dokta kaniuliza, "Kama kawaida, eh?"

Nikasema haya. Nikala na chungwa lake.

Jumamosi, 12 Julai

Tumefika. Hosteli, vitanda vya chuma, simu zote zimekusanywa mfukoni mwa Mwalimu. Huyu mama hacheki hata akitekenywa. Katuuliza: mwenye pumu, mzio, shida yoyote ya macho, aseme leo. Wenyeji watampa msaidizi, na hapunguziwi alama hata moja.

Ya macho! Nikamtazama Dokta. Alikuwa anafunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Ningeweza kumsemea. Nikamumunya peremende yangu. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Jumapili, 13 Julai

Tumefanya mazoezi kwenye ngazi, mimi nakohoa, yeye anataja rangi. Kapata zote. Kafurahi, kanishika bega. Najiogopa kidogo. Kidogo tu.

Jumatatu, 14 Julai

Lazima niandike.

Ukumbi mkubwa, meza nyeupe, kila timu safu yake. Dokta nyuma yangu. Nikapasha mirija yangu moto, rangi zikatoka safi, nikajaza majibu. Nyuma yangu: koh. Ananikumbusha. Kimya. Koh, koh. Kimya. Nikasikia kiti chake kinakwaruza sakafu. Nilifurahi! Naapa, vidole vya miguu vilicheza ndani ya viatu. Na wewe ngoja uone utamu wa kupokonywa nafasi.

Halafu akanyoosha mkono. Msimamizi akaja. Na Dokta, bila hata kunong'ona: "Sioni rangi. Nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja. Nilitakiwa kusema juzi, nikaona haya."

Basi! Msimamizi wala hakushangaa. Wakamletea msichana wa kumsomea rangi na kumwongezea muda. Katoka mlangoni kachangamka, mtu aliyetuliwa mzigo. Na mimi ndiye niliyemtua! Nimejikondesha wiki nzima kumfanyia hisani.

Sili chakula cha jioni. Wale wao.

Jumanne, 15 Julai

Mwalimu kaniita chumba cha kulia, sisi wawili tu. Kaniuliza: kama Dokta haoni rangi, kwenye mchujo wa taifa alizipataje zote? Yeye kajibu alibahatisha. Sasa Mwalimu anataka kusikia kwangu mimi, dada mtu, niliyekaa mbele yake siku ile. Anaandika ripoti leo. Medali ni kesho.

Nikaomba kwenda msalani. Ndiko niliko, naandika juu ya goti.

Nikisema kweli, Dokta kwisha. Na mimi kwisha, maana aliyekohoa ni mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndiyo hiyo. Nikisema alibahatisha, kesho anavaa medali, mama mkubwa anapiga vigelegele, na nafasi yangu aliyoigawa kama karanga haimgharimu kitu.

Nimekutana na Dokta koridoni nikija huku. Kasema haraka haraka, "Sijakutaja. Hata wakinifukuza sikutaji." Nikamwambia huruma zake akazifungie kwenye begi. Akasema si huruma. Akasema, "Nilikukosea, nikaogopa kwamba utanishinda, na bado naogopa."

Mshenzi! Siku zote hizo hakusema, kaja kusema leo! Angenitaja tu. Ningejua la kufanya.

Mwalimu anagonga mlango. Anasema hataki hadithi: nilimsaidia Dokta, ndiyo au hapana, inatosha. Nafasi kama hii ya kumlipiza ndiyo niliyokuwa naiomba usiku na mchana. Nimeshika kitasa na sijui natoka na lipi.