Hawakuchanganya Maneno

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepoa. Mama mdogo naye mfikishie shikamoo yake, kisha uniambie kama mkono bado unamsumbua asubuhi. Mimi afya ninayo. Kilichougua ni kazi.

Barua yako niliipata Jumatatu. Unaniagiza nimwombe meneja radhi kabla hajanifukuza, maana mwenye nguvu mpishe. Mama, sikumbuki lini nilikukatalia jambo, lakini hili nakukatalia. Ngoja nikueleze, ili ukinilaumu unilaumu kwa haki.

Unajua niliajiriwa hapa kiwandani kuwa mkalimani wa wageni wanaonunua nguo zetu, na mwaka huu nikaongezewa kuwafundisha mafundi cherehani Kiingereza saa ya chakula. Meneja, ambaye mafundi wanamwita Bwana Subiri kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila ombi, alinipa sentensi kumi za kuwafundisha, zote za kushukuru. Tulizimaliza kwa siku mbili. Basi nikageukia maneno ambayo watu huyachanganya: kwamba “hear” ni sauti kukufikia tu, na “listen” ni wewe kutega sikio, kwamba “borrow” ni kuazima cha mwenzako, na “lend” ni kumwazima chako. Fundi mmoja wa kola, mwenye maneno mengi hadi anaitwa Chiriku, akauliza kama lipo neno la jirani anayeazima sufuria akahama nayo. Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Siku moja tukafika kwenye “close” na “lock”. Nikausukuma mlango wa chumba cha chakula ukajifunga, nikamwambia Chiriku atoke. Akafungua, akatoka. Nikamrudisha, nikazungusha ufunguo, nikautia mfukoni, nikamwambia atoke tena. Akavuta kitasa, akavuta, wenzake wakimcheka. Kisha kicheko kikakatika, maana kila mmoja alikuwa anaufikiria mlango mwingine, ule wa nyuma wa ukumbi wa kushonea, unaotiwa kufuli tangu asubuhi hadi jioni ili mtu asitoroke na nguo.

Wageni walipokuja mwezi huu, mmoja aliuliza kama milango yote iko wazi wakati wa kazi. Kabla sijafumbua mdomo, Chiriku alizima cherehani yake akajibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha wiki nane, kwamba ule wa nyuma haukurudishiwa tu, umetiwa kufuli. Akamshika mgeni mkono hadi mlangoni, akalitikisa kufuli mbele yake. Mgeni akaandika. Siku hiyo Bwana Subiri hakumwambia mtu asubiri. Alikimbia kutafuta ufunguo.

Kesho yake aliniita ofisini akanipa karatasi iliyokwisha kuchapwa. Inasema wanafunzi wangu, kama wanafunzi wengi, huyachanganya maneno hayo mawili, na kwamba mimi mwalimu wao naomba radhi kwa kutowafundisha sawasawa. Nikitia sahihi, nabaki kazini, Chiriku anafukuzwa kwa uongo, na kufuli linarudi mlangoni. Nikikataa, mwisho wa mwezi natoka. Alisema kwa upole kwamba haya yote ni tofauti ya neno moja tu. Nilimwambia aende akamweleze hivyo mdogo wako, anayechana nywele kwa mkono mmoja.

Sasa sikiliza, mama. Tangu moshi ule wa mwaka jana, mafundi walipobanana kwenye mlango wa nyuma na mama mdogo, aliyekuwa fundi mwenzao, akavunjika mkono, hujaacha kuwalaani wale wageni. Unasema aliwaambia habari ya kufuli miezi mitatu kabla, mbele ya watu, wakamsikia wakanyamaza. Waache, mama. Hawakuambiwa. Yeye alisema kufuli, akataja na mfuko ambamo ufunguo unakaa. Lakini aliyesimama kati yake na wageni ni mimi, nikiwa na wiki mbili tu kazini, na Bwana Subiri ananikodolea macho. Nikasema “closed”, yaani umerudishiwa tu. Tofauti niliijua siku ile kama ninavyoijua leo. Wageni wakaitikia kwa kichwa, wakapita. Na mama mdogo, maskini, akanishukuru kwa kumsemea vizuri.

Nimekaa na jambo hili mwaka mzima, na nimechoka kuwa mwoga. Karatasi ya Bwana Subiri nimeirudisha bila sahihi. Nyuma yake nimeandika, kwa lugha zote mbili, kwamba wanafunzi wangu hawakuchanganya kitu. Aliyeyageuza maneno ni mkalimani, mwaka jana, kwa makusudi. Nakala nimewapelekea wageni. Anifukuze! Kwa meneja siinamishi kichwa, si leo wala kesho.

Kichwa changu nitakiinamisha kwa mtu mmoja, naye yuko hapo ubavuni pako. Msomee barua hii yote, mama, usiruke mstari hata mmoja. Nitafika Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Usiniombee msamaha kabla sijafika, wala usimlainishie maneno yangu. Nitasimama nje ya mlango mpaka aamue mwenyewe kama ataniambia niingie.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na goti hilo ulipumzishe.

Ni mimi,
Kitindamimba wako