Baruti Mpya ya Kunduchi

Jumatatu, 5 Machi 1951
Baruti mpya imefika machimboni. Bwana Mkubwa kaisifu: haitoi jasho kwa joto, hata ikidondoka hailipuki ovyo. Nimefurahi, nikaficha. Ile ya zamani nilikuwa naishika huku nimebana pumzi. Tumeijaribu mchana. Mlio mzito, vumbi kidogo—na mwamba umekatika mapande makubwa kama vitanda!

Jumatano, 7 Machi
Wanawake wanaogonga kokoto wamekasirika. Mapande yale nani atayavunja kwa nyundo? Mwanakombo, msemaji wao, kanifuata: "Fundi Ansbert, baruti yako inayaonea mawe huruma?" Wamecheka. Mke wangu Sesilia hakucheka. Naye yumo kundini, na mimba yake ile. Jioni kanipakulia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Ijumaa, 9 Machi
Nyapara Projestus anataka turudie ya zamani, masanduku yaliyobaki stoo. Barabara inangoja kokoto. Nimefungua moja. Inatoka jasho, mafuta yameloa mpaka kwenye mbao. Nimefunga polepole; ikishafika hapo, hata kugongwa kidogo inalipuka. Nimekataa. Basi, kasema, atampa Albano, fundi mwenzangu, kijana asiyejua woga. Nimemweleza Sesilia. Kasema: "Wewe unaiogopa baruti. Mie nyundo naiogopa kila kukicha."
 

Jumamosi, 10 Machi
Naandika hapahapa machimboni, daftari magotini. Albano kajaza ile ya zamani matundu matatu. Nimemsihi—kaniambia niache kutia watu mkosi. Yamelia mawili. Na kazi safi! Mawe yamesagika vizuri, wanawake wamepiga vigelegele. La tatu kimya. Albano anasema mawili yamelia pamoja. Mie nimesikia mawili.

Projestus kapiga filimbi watu washuke. Nimekaa katikati ya njia, nimenyoosha miguu, asipite mtu: lile la tatu laweza kulipuka bado. Kafoka: kazi huna tangu sasa! Sawa. Mwanakombo, karai kichwani, kaniita mwoga mbele ya wote. Ndipo Sesilia akatoka kati yao. Nilidhani anakuja kuniinua. Kashika bega langu, kashuka taratibu na tumbo lake, kaketi kando yangu. Njia imeziba. 

Wanawake wamesimama. Filimbi inalia tena.

Albano anatutazama. Hasemi tena kwamba yamelia pamoja. Kavua kofia, karuka miguu yetu, anateremka peke yake kwenda kuangalia tundu la tatu. Nimemwita. Hageuki.